Upara kwa wanaume

Upara ni hali ya kichwa kupungukiwa au kukosa nywele mahali ambapo kwa kawaida huota. Kwa wanaume walio wengi hali hii hutokana na urithi pamoja na homoni za mwili. Huja polepole, haiumi na haiambukizi. Hata hivyo si kila kichwa kilichopoteza nywele kina upara wa namna hiyo. Fangasi, kaswende, lupasi, homa kali, lishe duni na unyoaji mbaya huondoa nywele pia, na baadhi ya maradhi hayo yakicheleweshwa huacha kovu ambalo nywele haziwezi kuota juu yake tena.

Makala hii inaeleza sababu za wanaume kupoteza nywele na tiba zilizopo. Mifano mingi imechukuliwa mkoani Tabora na katika maeneo yaliyopitiwa na njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Huko habari ya nywele haiishii kwenye afya na urembo tu, bali inagusa pia imani za uchawi na za utajiri.

Majina

Upara ndilo neno linalotumika zaidi. Kipara ni sehemu ya kichwa isiyo na nywele, au kichwa chote kilichonyolewa, ndiyo maana watu husema "amenyoa kipara". Kamusi za zamani zina pia neno uwaraza. Kunyonyoka kwa nywele ni usemi mpana zaidi, kwa kuwa unahusu nywele zinazotoka kwa sababu yoyote, hata zile zitakazorudi zenyewe. Kuchanganya maneno haya mawili huleta hasara: mtu mwenye ugonjwa huambiwa "ni upara tu, wa ukoo wenu", akarudi nyumbani bila dawa.

Nywele zinavyoota

Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, yaani kijishimo kilichomo katika ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na idadi hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kinyweleo hufanya kazi kwa zamu. Kwanza hukuza unywele kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika kwa miezi ipatayo 3, unywele huanguka, na mwingine huanza kuota. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Nywele za kichwani hurefuka karibu sentimita 1 kwa mwezi, na nywele za Waafrika hukua polepole kidogo kuliko hapo. Mwenye kutumia dawa ya nywele anapaswa kukumbuka hesabu hiyo, maana hakuna dawa inayoweza kuonyesha matokeo ndani ya wiki moja.

Upara wa kurithi

Huu ndio upara wa kawaida wa wanaume. Huanza kwenye pembe za paji la uso au utosini, na sehemu hizo mbili huweza kukutana mwishoni. Nywele za pembeni na za kisogoni hubaki. Madaktari hupima kiwango chake kwa ngazi 7, ambazo msingi wake uliwekwa na James Hamilton wa Marekani mwaka 1951 na kurekebishwa na O'Tar Norwood mwaka 1975.

Hamilton alikuwa ametoa hoja kubwa kabla ya hapo, mwaka 1942. Aliona kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, lakini baadhi yao walipopewa homoni ya testosteroni, wale ambao ukoo wao ulikuwa na upara walianza kupoteza nywele. Kwa hiyo ni lazima mambo mawili yakutane, yaani homoni na urithi. Mwanamume mwenye upara hana "uanaume mwingi" kuliko wenzake, kama watu wanavyotaniana vijiweni. Homoni zake ni za kawaida, ila vinyweleo vyake ni vyepesi kuathirika nazo.

Homoni inayohusika moja kwa moja ni dihidrotestosteroni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Kwenye vinyweleo vya utosi na paji, homoni hii hufupisha muda wa kukua. Kila zamu unywele hutoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka unabaki malaika tu. Kinyweleo chenyewe hakifi upesi, na ndiyo sababu tiba ikianza mapema hufaa zaidi kuliko ikianza baada ya miaka 20.

Inasemwa sana kwamba upara hurithiwa kwa babu mzaa mama. Jambo hilo lina ukweli nusu. Jeni mojawapo muhimu ipo katika kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, lakini zipo jeni nyingine nyingi zinazotoka pande zote mbili. Mwenye baba mwenye upara asijifariji kwa nywele za babu.

Kwa Wazungu, karibu nusu ya wanaume huwa na upara wa kiasi fulani wafikapo umri wa miaka 50. Kwa wanaume wenye asili ya Afrika upara huu huonekana kwa uchache zaidi na mara nyingi huchelewa. Uvutaji wa sigara umehusishwa na upara katika tafiti kadhaa, jambo linalofaa kutajwa Tabora, mkoa ambao tumbaku ni zao lake kubwa la biashara, ingawa kulima tumbaku si sawa na kuivuta.

Maradhi yanayoondoa nywele

Mapunye ni fangasi wa ngozi ya kichwa. Huleta mabaka ya mviringo yenye magamba, na nywele hukatika karibu na ngozi. Huwapata hasa watoto wa shule. Mtu mzima huugua kwa nadra, na akiugua inafaa kinga ya mwili wake ichunguzwe, pamoja na kupima VVU. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuyapaka mapunye krimu peke yake. Fangasi amejificha ndani ya kinyweleo, mahali ambapo krimu haifiki. Tiba ni vidonge vya griseofulvini au terbinafini kwa muda wa wiki kadhaa, kwa kipimo cha tabibu. Yakiachwa, mengine huvimba na kutoa usaha, kisha huacha kipara cha maisha.

Vipele vya kisogoni huwapata hasa wanaume Waafrika, kuanzia baada ya kubalehe. Nywele zilizojikunja zikinyolewa chini sana huweza kurudi ndani ya ngozi au kuikwaruza. Ukosi wa shati na mashine ya kinyozi huzidisha msuguano. Kwanza huja vipele vidogo vinavyowasha, halafu vinundu vigumu vinavyokua na kuungana kama kovu lililonona, na nywele za mahali hapo hupotea. Mwanzoni ugonjwa huu hutulizwa kwa kuacha kunyoa chini kabisa, kutumia dawa ya kupaka yenye steroidi, na vidonge vya antibiotiki kama doksisaiklini. Vinundu vikubwa huhitaji sindano ya steroidi au upasuaji. Wanaume wengi huvikata kwa wembe au kumwomba kinyozi "avipitie vizuri", na hapo ndipo vinapozidi.

Viraka vya ghafla ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vinyweleo vya mwili wenyewe. Mtu huamka na kukuta duara laini lisilo na nywele, lisilo na magamba wala maumivu. Linaweza kutokea pia kwenye ndevu. Kiasi cha watu 2 kati ya 100 hupata hali hii wakati fulani maishani. Wengi huota nywele tena ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi zikianza kuwa nyeupe. Tiba ya kawaida ni sindano ndogo za steroidi kwenye kiraka. Kwa walioathirika kichwa kizima, dawa iitwayo barisitinibu iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2022, lakini bei yake iko mbali na uwezo wa watu wengi.

Ugonjwa huu unahitaji maelezo zaidi kwa sababu ya tafsiri inayopewa. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu huamini kwamba wachawi huwanyoa wenzao usiku wakiwa usingizini. Duara linaloonekana asubuhi, safi kama lililopitiwa na wembe, huonekana kuwa ushahidi kamili. Katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, ikiwemo Tabora na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyochoshwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Mahali penye hali hiyo, jibu la swali "nani amekunyoa?" linaweza kuwa hatari kwa jirani. Jibu la kitabibu ni kwamba hakuna aliyenyoa. Nywele zimeachia zenyewe kwa siku chache, na pembezoni mwa duara mara nyingi huonekana vinywele vifupi vilivyo vyembamba zaidi karibu na ngozi, jambo ambalo wembe hauwezi kulifanya.

Lupasi ya ngozi huleta mabaka yenye magamba magumu na mabadiliko ya rangi kichwani, usoni na ndani ya masikio. Huacha kovu, na jua huizidisha. Kaswende iliyofikia hatua ya pili hunyonyoa nywele ovyo ovyo, kama nguo iliyoliwa na nondo. Hutibika kwa penisilini na nywele hurudi. Ukoma kwa kawaida hauleti upara wa kichwa, bali ule wenye vimelea vingi huondoa nyusi, hasa upande wa nje. Mkoani Tabora ugonjwa huu una historia ndefu, kwani Wamoravian waliwahudumia wagonjwa wa ukoma huko Sikonge. Mtu anayepoteza nyusi na kuwa na mabaka yasiyo na hisia asipewe mafuta ya nywele. Apelekwe kituo cha afya, ambako dawa za ukoma hutolewa bure.

Baada ya malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji mkubwa au njaa, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja, na kuanguka miezi 2 au 3 baadaye. Kwa kuwa mgonjwa amekwisha kupona, hahusishi mambo hayo mawili. Nywele hizo hurudi bila dawa yoyote. Upungufu wa madini ya chuma, upungufu wa protini, maradhi ya tezi ya shingo na dawa za saratani huweza kuleta hali inayofanana na hiyo.

Kichwa na mzigo kwenye njia ya misafara

Tabora ilikua katika karne ya 19, baada ya wafanyabiashara Waarabu kuweka kituo chao Unyanyembe. Kutoka pwani hadi hapo ni mwendo wa kilomita zipatazo 800, uliochukua miezi mitatu hivi kwa miguu. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, kama Tabora ilivyojulikana kwao, mwezi Novemba 1857. Katika maelezo yake kuhusu Wanyamwezi, Burton aliandika kwamba walisokota nywele zao katika misokoto midogo mingi iliyoning'inia mpaka shingoni. Watu wa pwani waliokuwa Waislamu, kwa upande wao, wengi walikuwa na desturi ya kunyoa kichwa. Hivyo katika msafara mmoja kichwa cha mtu kiliweza kudokeza alikotoka.

Ubebaji nao ulitofautiana. Wapagazi wa Kinyamwezi walipendelea kubeba begani, na wale wa pwani walibeba kichwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Tiba ya leo inajua kwamba mgandamizo na msuguano wa mara kwa mara utosini hukata nywele, na ukiendelea kwa miaka huharibu vinyweleo. Ngata, yaani kitambaa au majani yaliyoviringwa na kuwekwa chini ya mzigo, hupunguza madhara hayo lakini haiyaondoi. Mpagazi wa kichwani aliyepoteza nywele utosini aliweza kudhaniwa ana upara wa ukoo. Hali hiyo bado huonekana kwa wanaobeba ndoo, magunia na matofali. Kwao tiba ya kwanza ni kubadili namna ya kubeba, si kupaka dawa.

Tiba ya upara wa kurithi

Upara wa kurithi si ugonjwa, na mwenye nao halazimiki kutibiwa. Kunyoa kichwa chote ni njia ya bei nafuu na inawapendeza wengi. Anayetaka tiba ana dawa mbili zilizothibitishwa vizuri.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa walipoota nywele mahali wasipotarajia, watengenezaji waliigeuza kuwa dawa ya kupaka, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1988. Hupakwa kwenye ngozi kavu ya kichwa, kwa kawaida mara 2 kwa siku. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi, na wengi hukata tamaa hapo, ingawa ni dalili ya zamu mpya ya kuota. Matokeo huonekana baada ya miezi 4 au zaidi. Dawa ikiachwa, faida yake hupotea ndani ya miezi michache. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na chupa iwekwe mbali na watoto.

Finasteridi ina historia ya kuvutia. Mwaka 1974 watafiti walieleza habari za familia katika Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya wanaume walizaliwa bila kimeng'enya kinachotengeneza dihidrotestosteroni. Wanaume hao walikuwa na tezi dume ndogo na hawakupata upara. Kutokana na hapo ilitengenezwa dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho. Kidonge cha miligramu 5 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, na cha miligramu 1 mwaka 1997 kwa ajili ya upara. Kwa wanaume wachache hupunguza hamu au nguvu za tendo la ndoa, na wengine wameripoti huzuni kubwa. Mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika, maana vinaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni. Kuna jambo moja ambalo wazee hawaambiwi mara nyingi: dawa hii hushusha kipimo cha damu cha PSA kwa karibu nusu. Anayepimwa saratani ya tezi dume bila kusema kwamba anaitumia anaweza kuambiwa yuko salama kumbe sivyo.

Upandikizaji huhamisha vinyweleo vya kisogoni, ambavyo havisumbuliwi na homoni, na kuvipanda utosini. Norman Orentreich wa New York alieleza msingi wake mwaka 1959, ingawa Shoji Okuda wa Japani alikuwa ameandika kuhusu njia inayokaribiana nao mwaka 1939. Siku hizi wengi husafiri hadi Istanbul kwa kazi hiyo. Kwa nywele za Kiafrika kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kinyweleo chenyewe kimepinda chini ya ngozi na hukatika kwa urahisi kinapotolewa. Mtu ambaye makovu yake hunona na kuwa makubwa aseme mapema.

Dawa za nyumbani zinahitaji kupimwa moja moja. Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele na kuzizuia zisikatike, lakini hayaamshi kinyweleo. Asali, ambayo Tabora inasifika nayo, ilijaribiwa na Noori Al-Waili kwa wagonjwa 30 wenye mba sugu, na taarifa yake ya mwaka 2001 ilieleza kwamba kuwashwa na magamba vilipungua, na kunyonyoka kwa nywele kukapungua pia. Huo ulikuwa utafiti mdogo kuhusu mba, haukuhusu upara wa kurithi. Maji ya kitunguu yalijaribiwa Baghdad kwa wenye viraka vya ghafla. Katika matokeo ya mwaka 2002, wagonjwa 20 kati ya 23 waliota nywele, na katika kundi lililopaka maji ya kawaida wakaota 2 kati ya 15. Kwa kuwa viraka hivyo hupona vyenyewe mara nyingi, matokeo hayo yasihamishiwe kwenye utosi wa mzee. Dawa zisizo na lebo zinazouzwa minadani ni za kuepukwa, kwani baadhi ya mchanganyiko wa aina hiyo huwa na steroidi kali zinazolainisha ngozi na kuificha fangasi isionekane. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa dawa nchini Tanzania uko chini ya TMDA, na wa vipodozi uko chini ya TBS.

Imani kuhusu utajiri

Utani wa kusema mwenye upara ana pesa umeenea Afrika Mashariki yote, na kwa kawaida hauna ubaya. Lakini mwezi Juni 2017 polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye upara walikuwa wameuawa katika jimbo la Zambezia, wilaya ya Milange ikiwemo, kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Kwa mujibu wa polisi, watuhumiwa walisema viungo vilikusudiwa kwa wateja wa Tanzania na Malawi. Madai hayo yalikumbusha mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Tanzania kuanzia mwaka 2007 hivi, Tabora ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa, na ambayo yaliifanya serikali ifute leseni za waganga wa kienyeji mwezi Januari 2009. Kichwa chenye upara kina ngozi, mfupa na ubongo kama kichwa kingine chochote. Ngozi yake hung'aa kwa sababu ya mafuta ya asili ambayo hayana tena nywele za kuyaficha.

Kinyozi na hospitali

Mashine ya kunyolea isiyosafishwa hubeba fangasi kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na wembe unaotumiwa na watu wengi huweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na VVU. Meno ya mashine yanapaswa kusafishwa mabaki ya nywele kwanza, kisha kutiwa spiriti na kuachwa kidogo kabla ya mteja mwingine kukaa. Kuyapitisha kwenye moto wa kiberiti haraka haraka hakutoshi. Mwenye kunyoa mara kwa mara anaweza kununua mashine yake mwenyewe. Mwenye upara anayefanya kazi shambani avae kofia, kwa kuwa utosi usio na nywele huungua na jua.

Dalili zinazotaka daktari bila kungoja ni maumivu, usaha, magamba, kovu, viraka vinavyoongezeka, kupotea kwa nyusi, na nywele kunyonyoka pamoja na homa au kupungua uzito. Mkoani Tabora huduma za rufaa hutolewa katika hospitali ya mkoa ya Kitete, na katika Hospitali ya Nkinga wilayani Igunga. Wataalamu wengi wa ngozi wanaofanya kazi mikoani wamesomea Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC. Kituo hicho huwapokea pia matabibu wasio madaktari, ambao wakihitimu hurudi kuhudumia wilaya zisizo na daktari bingwa.